Mambo ya kuzingatia kabla maji hayajaubana moyo

Kama nyumbani kwako kuna mtu anayeugua kifua kikuu, saratani au figo, au anayeishi na virusi vya UKIMWI, soma haya leo. Usingoje usiku wa shida.

Moyo umekaa ndani ya mfuko mwembamba wenye majimaji kidogo ya kuulainishia mwendo. Ugonjwa ukiingia kwenye mfuko huo, maji huongezeka, na kwa kuwa mfuko hautanuki upesi, yanaubana moyo mpaka unashindwa kufunguka ukajaa damu. Moyo usiojaa hauna cha kusukuma. Maji yakiongezeka taratibu kwa wiki kadhaa, mtu anaweza kutembea na hata lita nzima kifuani. Damu ikimwagika humo ghafla, kama kwa aliyechomwa kisu, mililita 200 zinaweza kumuua.

Dalili zijue kwa moyo: pumzi fupi inayozidi akilala chali, mapigo ya mbio, mishipa ya shingo iliyotuna hata akiwa ameketi, kizunguzungu, presha inayoshuka, miguu kuvimba.

Weka akiba ya nauli na namba ya mwenye gari anayepokea simu usiku. Hakikisha michango ya SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, imelipwa. Ujue mapema ni hospitali gani ina mashine ya eko, ile ya kupiga picha ya moyo, na ina mtu wa kuitumia. Kisumu wengi tunakimbilia Jaramogi, Nakuru ni hospitali kuu ya kaunti, na wa Bungoma mara nyingi huishia Moi, Eldoret. Piga simu uulize, mashine huharibika.

Sasa lile lililotuumiza sisi. Kaka yangu mkubwa, mwendesha boda wa Kondele, alikohoa miezi miwili, akakonda, kisha miguu ikavimba. Kliniki moja ya mtaani ikamwambia moyo umechoka, ikampa vidonge vya kukojoa. Hakuna aliyempiga picha. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimhesabia vidonge, asubuhi na jioni, nikifurahi kila miguu ilivyopungua. Siku ya nne nilimkuta saa nane za usiku ameketi, kichwa amekilaza mezani, jasho baridi linamtoka. Hakuweza kumaliza sentensi.

Hospitalini presha ilikuwa 80 kwa 60. Daktari alitazama shingo, akaweka mashine kifuani, akanionyesha weusi wa maji uliouzunguka moyo pande zote. Kisha akauliza, “Dada, nani alimpa dawa za kukojoa?” Nilikuwa nimezishika mkononi. Akanieleza kwamba moyo uliobanwa hivyo unategemea damu inayorudi kwa wingi ili ujaze japo kidogo, na vidonge vile vinapunguza hiyo damu. Kwa mwenye moyo dhaifu ni dawa nzuri. Kwa kaka yangu zilikuwa zinamzamisha.

Walimdunga sindano ndefu chini kidogo ya mfupa wa katikati ya kifua, wakiiongoza kwa picha, wakaacha mrija mwembamba. Yalitoka maji mekundu kama chai ya rangi, karibu lita moja. Kabla chupa haijajaa alikuwa anaongea. Kilikuwa kifua kikuu.

Kwa hiyo, mtu mwenye miguu iliyovimba akipewa dawa za kukojoa, uliza palepale: moyo wake umepigwa picha? Usimkatize dawa kwa uamuzi wako, lakini uliza, na ukiona mishipa ya shingo imetuna na presha iko chini, usikubali kurudishwa nyumbani.

Akishatolewa maji, kazi haijaisha. Dawa za kifua kikuu ni miezi 6 na hospitali za serikali hutoa bure. Asiache akipata nafuu. Maji huweza kurudi, na mfuko wenyewe huweza kukakamaa, basi tarehe za eko za kurudia zishikeni.

Mgonjwa asibebwe kwa pikipiki, na garini msimlaze chali, mwacheni akae. Anayemsindikiza abebe dawa zote anazotumia, hata za mitishamba. Aliyechomwa kisu kifuani, msikichomoe kile kisu njiani.