Ukitoka kazini, shika kamba kwanza

Wazazi wenzangu, siku ikikuelemea usikimbilie simu. Vua viatu, waite watoto uani mruke kamba dakika 20 kabla jua halijazama. Mimi huanza kwa kuizungusha taratibu, wao wakihesabu kwa sauti. Pumzi ikitulia naingia kuruka. Mabega hulegea, na usiku usingizi huja wenyewe. Simu ibaki ndani, tafadhali, mtoto anajua ukiwa naye nusunusu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, basi hizi nazo zimo. Magoti yakisumbua, chezeni rede: wewe rusha mpira wa soksi, wao wakwepe huku wakijaza mchanga kwenye chupa.