Namna ya kulikagua ghorofa jipya ukiwa barabarani

Unapotaka kupima ubora wa jengo refu jipya la Dar es Salaam, usitegemee picha ya kompyuta iliyobandikwa kwenye mabati ya uzio, bali nenda saa kumi jioni ukasimame upande wake wa magharibi. Kwa kuwa jiji liko karibu na ikweta, jua la mchana hupita juu sana na kizuizi kifupi cha mlalo juu ya dirisha hulimudu, ilhali la jioni huja chini na kuingia moja kwa moja. Hivyo ukuta wa kioo kitupu upande huo, hata uking'aa vipi, ni kosa la usanifu ambalo kiyoyozi hulilipia kila siku.

Kisha tembea ukiufuata ukuta. Tazama chini ya vizingiti vya madirisha: michirizi myeusi huonyesha kwamba ukingo haukuachiwa mfereji mdogo wa kudondoshea maji mbali na ukuta. Kwenye usawa wa barabara, hesabu milango na maduka, ukilinganisha na urefu wa ukuta mtupu, matundu ya jenereta na njia za magari. Jengo zuri humjali mpita njia: nyumba nyingi za Mji Mkongwe, Zanzibar, humpa hata baraza la kukalia.