Jinsi ya kuhifadhi sauti ya mzazi kabla ya upasuaji wa koo

Daktari alipotuambia kwamba zoloto la baba, yaani kiungo cha kooni kinachotoa sauti, litatolewa, tulibakiwa na wiki tatu. Leo baba anaandika kwenye simu, na kompyuta iliyo kando yake inayatamka maneno hayo kwa sauti yake mwenyewe, kwa programu tuliyoifundisha kwa rekodi zake; hapa naiita mashine. Naeleza tulivyofanya ili mwenye mgonjwa kama wetu asipoteze hata siku moja.

Anza kwa kumwomba ruhusa mwenyewe, si kaka mkubwa wala shangazi. Nilimwambia, "Baba, mashine itaweza kusema hata maneno ambayo hujawahi kuyasema. Umeridhia?" Akauliza nani atakaa nayo. Tukapatana: mafaili hayatoki kwenye kompyuta yangu, na siku akisema futa, nafuta.

Tulirekodi chumbani kwake hapa Tanga, baada ya swala ya alfajiri, kabla bodaboda hazijaamka. Zima feni, tundika mablanketi ukutani. Maiki iwe shubiri moja kutoka mdomoni, upande kidogo, ili "p" na "b" zisipige kishindo. Rekodi kwa WAV, aina ya faili la sauti lisilobanwa, na usizipitishe sauti WhatsApp, maana huzibana zikapoteza ubora. Kila dakika 20 mpe maji apumzike. Koo likichoka, mashine itajifunza uchovu huo.

Siku nne za mwanzo nilimpa gazeti asome. Nilipojaribu kuifundisha mashine kwa rekodi hizo, sauti ilikuwa yake kweli, lakini alisema kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Baba hasemi hivyo! Siku ya tano nikaweka gazeti kando, nikamwomba anisimulie alivyokuwa akivuka mto Pangani kwa kivuko enzi za ujana wake. Hapo nikampata: anavyolivuta neno "saaana", anavyonyamaza kidogo kabla ya kutaja jina la mtu. Kwa hiyo mpe kusoma kidogo, ili maneno ya kila aina yapatikane, kisha muda wote uliobaki mwache azungumze.

Kazi nzito ni kuandika. Kata rekodi vipande vya sekunde 3 hadi 10 kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti. Kila kipande kina mstari wake kwenye faili la maandishi: jina la faili, alama ya mstari wima, kisha maneno. Andika alichotamka, si alichokusudia. Akisema "sabini na tano", usiandike 1975. Angalia pia kikato cha "ng'ombe": vifaa vingine huweka kilichopinda, vingine kilichonyooka. Chagua kimoja kwenye faili zima, la sivyo mashine itaviona kuwa vitu viwili. Na "barabara" ya kupita magari huandikwa sawasawa na "barabara" ya kusema mambo yako sawa, ingawa mkazo ni tofauti. Mashine hailijui hilo. Mimi niliviondoa vipande vyote vyenye neno la pili.

Usianze kufundisha kutoka sifuri. LJ Speech, mkusanyiko wa Kiingereza unaotumiwa sana, una vipande 13,100, karibu saa 24 za msomaji mmoja. Sisi tulikuwa na saa mbili. Nilitumia Piper, programu ya bure iliyojengwa juu ya VITS, mbinu ya mwaka 2021 ya kugeuza maandishi kuwa sauti, nikaanzia kwenye sauti iliyokwisha kufundishwa, nikaiendeleza kwa vipande vya baba. Unahitaji kompyuta yenye kadi ya michoro yenye nguvu, au ukodishe kwa saa. Tenga sentensi 20 ambazo mashine haitaziona kabisa, na kila baada ya muda iamrishe izisome. Zikianza kuharibika huku zile ilizofundishwa zinanyooka, simamisha.

Kisha mwite anayemjua kuliko wewe. Mama alisikiliza akiwa amefumba macho, akasema, "Ni yeye. Mbona hapumui?"

Nilikuwa nimezikata pumzi zote nikidhani nasafisha. Nilirudi kwenye rekodi za mwanzo, nikakata upya kila kipande huku pumzi zikibaki zilipo, nikafundisha tena usiku kucha. Wewe ziache tangu siku ya kwanza.