Kabla hujatuma faili la STEP, lifungue kwanza ulisome

Faili la STEP, lile la kubadilishana modeli za 3D kati ya programu tofauti za CAD (programu za kuchora bidhaa kwa kompyuta), ni maandishi matupu. Watu wengi wanaogopa kulifungua kwa notipedi wakidhani watakutana na vile vialama vya ajabu ajabu, kumbe mle ndani kuna mistari ya kawaida kabisa inayosomeka kwa macho, na ukishajua mistari mitano sita ya kutafuta basi zile kesi za "mbona kwangu limefunguka hovyo" zinapungua sana. Nitaeleza ninavyofanya mimi, we chukua kinachokufaa.

Ila kwanza uelewe hiki kitu kimekaaje, manake bila hapo utakuwa unabonyeza tu. Kila programu ya CAD ina fomati yake ya ndani ambayo programu nyingine haiielewi au inaielewa nusu nusu. Marekani walijaribu kutatua mapema, 1980 wakatoa IGES, ikasaidia, lakini IGES inabeba mistari na nyuso bila kujua hasa kitu chenyewe ni nini, ukiifungua mara nyingi nyuso zinakuja zimetawanyika hazijashonwa, unakaa siku nzima unaziba mianya. Kazi ya STEP, ambayo jina lake rasmi ni ISO 10303, ikaanza 1984 na toleo la kwanza likatoka 1994. Miaka kumi! Na sababu ya kuchelewa ndo utamu wenyewe: hawakuanza na faili, walianza na maana. Yaani kwanza tukubaliane bidhaa ni nini, ina vipande gani, kipande kina umbo gani, umbo limepimwa kwa kipimo gani, makubaliano hayo yaandikwe kwa lugha maalumu inayoitwa EXPRESS, alafu suala la kuyaweka kwenye faili lije baadaye kama kitu kingine kabisa.

Tufanye mfano wa kujitungia. Tuseme mi na wewe tunataka kubadilishana bolti. Kwa EXPRESS tunaandika hivi:

ENTITY bolti;
  kipenyo : REAL;
  urefu : REAL;
  maelezo : OPTIONAL STRING;
WHERE
  sawa : kipenyo > 0.0;
END_ENTITY;

Hiyo ndo modeli ya data, na ona kwamba ina sheria ndani yake, bolti yenye kipenyo sifuri haikubaliki hata kabla ya kufika kwako. Sasa bolti moja halisi ya 8 kwa 40 kwenye faili inakuwa mstari mmoja:

#12=BOLTI(8.,40.,$);

Namba yenye alama ya reli ni kitambulisho cha mstari, nukta baada ya 8 lazima iwepo kwa sababu ni namba ya desimali, na ile dola maana yake "hapa sijajaza kitu". Ukiona nyota badala ya dola, thamani yake inakokotolewa kutoka kwingine. Ukishaelewa mstari huo umeelewa faili zima, hata liwe na mistari laki tatu, yote ni hivyo hivyo tu, mmoja unamwita mwingine kwa namba. Ila usije ukamwambia mwenzako "angalia #4512" ukategemea kesho atakuta kitu kile kile, ukiekspoti upya namba zote zinaweza kubadilika.

Haya, kazi. Unapoekspoti, programu itakuuliza unataka AP gani: 203, 214 au 242. AP ni itifaki ya matumizi, kwa lugha nyepesi ni kipande cha STEP kilichokatwa kwa ajili ya kazi fulani. 203 ni ya zamani, toleo lake la kwanza halibebi hata rangi. 214 ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa magari, ina rangi na leya, na karibu kila programu inaisoma. 242 ilitoka 2014, imeunganisha hizo mbili na kuongeza mambo ya toleransi (kiasi ambacho kipimo kinaruhusiwa kupishana) na maelezo ya utengenezaji moja kwa moja kwenye modeli ya 3D. Mi msimamo wangu: kama mpokeaji hajasema kitu na unatuma umbo tu, tuma 214. Kama mnataka toleransi zisafiri na modeli basi 242, lakini muulize kwanza programu yake ni toleo gani, usijibebeshe aibu ya bure.

Faili likishatoka, lifungue na notipedi. Juu kabisa utakuta ISO-10303-21. Hiyo ni namba ya sehemu ya kiwango inayoeleza namna ya kuandika faili, alafu HEADER, na ndani yake tafuta huu mstari:

FILE_SCHEMA(('AUTOMOTIVE_DESIGN'));

Huo ndo ukweli, sio jina la faili wala ulichokumbuka kubonyeza. AUTOMOTIVE_DESIGN ni 214, CONFIG_CONTROL_DESIGN ni 203, na ya 242 inaanza na AP242 kwa hiyo haikupotezi. Nimeshaona mtu anaapa ametuma 242 kumbe programu ilikumbuka chaguo la mwezi uliopita.

Sasa vipimo, na hapa tukae kidogo maana ndo panaumiza watu. Tafuta SI_UNIT. Ukikuta .MILLI.,.METRE. utafurahi utasema ni milimita, subiri kwanza. Faili la inchi nalo linaweza kuwa na mstari huo huo! Kwa sababu kwenye STEP inchi inaelezwa kwa kuigeuza kutoka kipimo cha kimataifa, angalia:

#41=(LENGTH_UNIT()NAMED_UNIT(*)SI_UNIT(.MILLI.,.METRE.));
#43=LENGTH_MEASURE_WITH_UNIT(LENGTH_MEASURE(25.4),#41);
#44=(CONVERSION_BASED_UNIT('INCH',#43)LENGTH_UNIT()NAMED_UNIT(#42));

Inasema inchi ni 25.4 ya kile kilichoko #41. Kwa hiyo cha kutafuta sio milimita imetajwa wapi, tafuta GLOBAL_UNIT_ASSIGNED_CONTEXT uone kwenye mabano yake inaita namba gani. Ikiita #41 uko kwenye milimita, ikiita #44 uko kwenye inchi. Dakika moja tu. Na kusema kweli inchi sio tatizo lenyewe, programu inayosoma vizuri itageuza yenyewe, tatizo ni pale unapodhani umetuma kitu kimoja kumbe umetuma kingine, alafu mtu akafungua akaona namba hazifanani na mchoro akaamua "kurekebisha" kwa mkono.

Na ndo maana STL, fomati nyingine ya 3D, nimeipiga marufuku kwenye kazi zangu isipokuwa ya kuprinti 3D. STL ni pembetatu tupu, haina kipimo kabisa. Kuna siku nilituma mfuniko wa upana wa milimita 80 kwa STL kwa sababu ya haraka, upande wa pili programu ikasoma inchi, mfuniko ukafunguka mita mbili na ushee. Tulicheka kwa sababu iligundulika mapema, lakini ingekuwa kipande ambacho ukubwa wake hauko wazi kwa macho nani angejua?

Baada ya vipimo, tafuta MANIFOLD_SOLID_BREP. Hilo ndo gimba zima lililofungwa pande zote. Hesabu ziko ngapi, zilingane na idadi ya vipande tofauti ulivyonavyo, vinavyofanana vihesabu kama kimoja. Ukikuta hakuna, badala yake kuna SHELL_BASED_SURFACE_MODEL, ujue umetuma maganda, nyuso ambazo hazijashikana, na fundi wa kuchonga atakupigia simu. Mara nyingi chanzo ni mwanya mdogo kwenye modeli yako mwenyewe, rudi kwenye CAD, tumia ile chombo ya kukagua jiometri, shona, ekspoti tena.

Majina nayo. Tafuta PRODUCT( na usome kinachofuata ndani ya alama za nukuu. Kama vipande kumi na vinne vyote vinaitwa Part1 na Body, mwenzako anauziwa mbuzi kwenye gunia. Kwenye mkusanyiko wa vipande, kila kipande kilichofungwa ndani ya kingine kina mstari wa NEXT_ASSEMBLY_USAGE_OCCURRENCE, kwa hiyo bolti nne zinazofanana ni PRODUCT moja na mistari minne ya hiyo. Ukikuta PRODUCT nne, programu imekunakilia, faili linavimba bure.

Kitu kingine watu wanalalamika sana: "nimefungua STEP siwezi kubadilisha tundu". Ndio, huwezi kama ulivyozoea. Historia ya namna ulivyojenga modeli haisafiri kwenye mafaili haya ya kawaida, tundu lako la nyuzi likifika ni uso wa mcheduara wenye nusu kipenyo fulani, basi, halijui kama lilikuwa la M8. Nyuzi zenyewe ziandike kwenye mchoro au zitume kwa 242. Na kwenye 242 kuwa makini, toleransi zinaweza kusafiri kama picha, vijistari vilivyochorwa vya kusoma binadamu tu, au kama data ambayo mashine ya kukagua inaielewa. Kwenye skrini zinafanana kabisa! Tafuta DIMENSIONAL_SIZE kwenye faili, kama haipo na wewe modeli yako ina vipenyo vilivyoandikwa, umetuma picha.

Mwisho kabisa fungua faili lako kwenye programu tofauti na iliyolitengeneza. FreeCAD ni ya bure inatosha. Pima ujazo na eneo la nje, linganisha na modeli ya asili. Zikipishana kwenye desimali za mbali sana sawa, zikipishana kwa asilimia kuna uso umepotea. Majengo ni habari nyingine, wao wana IFC, ISO 16739, ingawa ukiifungua utashangaa, ni EXPRESS ile ile na mistari ya reli ile ile.

Ujumbe wangu wa kuambatanisha huwa ni mfupi hivi: "Faili ni AP214, milimita, vipande 14, ujazo 182,640 mm³. Ukifungua ukapata tofauti usichonge, nipigie."