Kupima seli mundu kwa kichanga: kutoka kisigino mpaka jibu

Naandika kwa wenzangu wa wodi za wazazi hapa Kigoma mnaoanza kuchukua damu kwenye karatasi ya kichujio.

Kwanza, achaneni na kile kipimo cha zamani cha kutia damu kwenye dawa na kutazama ukungu. Kichanga huzaliwa na himoglobini F (ya utotoni tumboni) kwa wingi, S yake (ya seli mundu) bado ni kidogo. Kipimo kitasema hana, kumbe anayo. Sampuli isomwe kwa mashine inayotenganisha himoglobini.

Hatua ya 1. Uliza kama mtoto ameongezewa damu. Kama ndiyo, mpangie arudi baada ya miezi 4, la sivyo utapima damu ya mchangiaji.

Hatua ya 2. Mama ampe titi. Pasha kisigino kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, futa kwa spiriti, acha ikauke yenyewe.

Hatua ya 3. Choma pembeni mwa kisigino, kamwe si katikati wala nyuma. Lanseti (kisindano cha kuchomea) isiingie zaidi ya milimita 2. Tone la kwanza lifute. La pili lisubiri lijae, kisha ligusishe karatasi upande mmoja tu. Geuza kadi: duara liwe limelowa nyuma kama mbele. Usikamue, usiongeze tone juu ya tone.

Hatua ya 4. Sampuli nyingi huharibikia hapa, hasa wakati wa mvua, hewa ya ziwani ikiwa nzito. Laza kadi bila kuzipandanisha, kivulini, kwa muda wa saa 4 au zaidi. Usianike juani hata kama gari la sampuli linapiga honi. Zikikauka, funga pamoja na kikaushio (kipakiti cha kunyonya unyevu).

Hatua ya 5. Soma jibu. A ni himoglobini ya kawaida. FA ni mzima. FAS amerithi S kwa mzazi mmoja; haumwi, tena ana kinga kiasi dhidi ya malaria kali, ndiyo maana S imeenea mikoa kama yetu. FS, isiyo na A, huashiria ugonjwa wa seli mundu: rudia kwa sampuli mpya, na penisilini ianze kabla ya miezi 3, mpaka afike miaka 5.

Baba naye aitwe. Wengine wakisikia "ana S" humgeukia mama. Mwambie: "Baba, kwa mtoto mwenye S mbili, moja imetoka kwako."

Kwenye fomu andika namba ya mama na ya jirani. Jibu hufika mama ameshapanda gari kurudi Uvinza.