Umepata kazi kwenye nyumba ya wazee wa Kichina Toronto? Anza hivi

Jamani, nazidi kupata meseji za dada na kaka zetu waliomaliza kozi ya kuhudumia wazee hapa Toronto, wamepata kazi kwenye nyumba ya wazee wa Kichina, na swali ni lile lile: nitaongea nao nini na Kichina sijui? Mi nimepiga shifti humo miaka kadhaa, naandika ninayoyajua.

Kwanza ujue umeingia kwa nani. Nyumba hizi zimetokana na jamii yenyewe, watu wamechangishana, serikali nayo ikaongezea. Shirika la Mon Sheong lilianza 1964 na kufungua nyumba yake ya wazee 1975, halafu shirika lingine, Yee Hong, ambalo dr. Joseph Wong ndo alikuwa mbele kulianzisha, likafungua nyumba Scarborough, mashariki mwa Toronto, 1994 na vitanda 90, maana wazee walikuwa wanaishia kwenye nyumba ambazo hakuna anayewaelewa na chakula hawakigusi. Foleni ya kupata kitanda ni ya miaka, kwahiyo ukiona binti wa mzee anakuja kila siku na kukuangalia mikono unavyomgeuza mama yake usinune, kasubiri sana kufika hapo.

Kabla ya kitu chochote uliza mzee anaongea nini. Kuna Kikantoni, kuna Kimandarini, kuna Kitoisan cha wale wa zamani zaidi, na anayejua kimoja si lazima aelewe kingine. Na mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kupoteza kiingereza chote hata kama kafanya kazi ofisini hapa miaka 30, inabaki lugha ya mama tu. Kwa Kikantoni anza na hizi: "jo san" ni habari za asubuhi, "sik jo faan mei a" umeshakula?, "tung m tung a" inauma?. Mwombe mwenzako wa Kichina akurekodie kwenye simu usikilize kwenye basi, sababu sauti ikipanda au kushuka maana inabadilika kabisa. Na usimwite mzee jina lake kavu, sisi tunaosema shikamoo hili hatuhitaji kufundishwa. Bibi mwite Po Po, babu Gung Gung, ila uliza familia kwanza wanapenda lipi.

Sasa maji. Wiki yangu ya kwanza nilimpa bibi mmoja maji yenye barafu, akasukuma glasi, nikaandika amekataa maji. Kesho yake tena hivyo hivyo. Siku ya tatu mfanyakazi wa jikoni akapita, akachukua kikombe cha maji ya moto akayapoza kidogo, akamshikisha kwa mikono miwili, bibi akanywa chote bila kupumua. Siku tatu zote alikuwa na kiu! Kwahiyo maji ya uvuguvugu, hakikisha hayaunguzi, na angalia karatasi ya mlo kwanza kwasababu wenye shida ya kumeza wanapewa maji mazito tu, yaani yaliyotiwa kitu cha kuyafanya yawe mazito kama uji. Uji wa wali asubuhi wanaupenda sana. Sikukuu familia zinaleta vitu vya mchele wa kunata, hivyo vinakaba, usimlishe hata kipande kabla ya kumuuliza nesi. Dawa za mitishamba nazo ukizikuta kwenye droo mwambie nesi kwa utaratibu bila kumgombeza mtu, nyingine zinagongana na dawa za kuzuia damu kuganda.

Kuoga: sheria ya Ontario inataka angalau mara 2 kwa wiki. Nywele zikaushe palepale, wengi wanaamini kulala na kichwa kibichi kunaingiza upepo na kuleta maumivu ya kichwa. Siku ya mwaka mpya wao wengi hawaoshi nywele, maana neno la nywele linafanana na la kupata utajiri, ukiosha unaondoa bahati, so panga ratiba mapema aoge kabla ya siku yenyewe. Siku hiyo unaweza pia kupewa bahasha nyekundu yenye hela, angalia sheria za kazini kwako, nyingi hazikubali, ukikataa fanya kwa mikono miwili na kwa maneno mazuri ili mzee asione umemdharau.

Maumivu usitegemee atakwambia. Wengi watasema hamna shida ili wasikusumbue, we angalia paji la uso, vidole, anavyopumua ukimgeuza, halafu andika ulichoona.

Kuna familia hazitaki mgonjwa aambiwe ugonjwa wake, we usiwe wa kutoboa, mpelekee nesi. Usiseme habari za kifo mbele ya mzee na namba 4 iepuke ukiweza, inasikika kama kufa. Lakini mambo ya mwisho lazima yaulizwe mapema, kwa familia, pembeni, na nesi akiwepo. Baadhi ya Wabudha wanataka mwili usiguswe masaa 8 baada ya roho kutoka. Kama hilo halijaandikwa kwenye faili na mzee akaondoka saa tisa usiku ukiwa peke yako koridoni, utaosha na kubadilisha shuka kama ulivyofundishwa, familia ikifika imeshachelewa. Shifti yako ijayo fungua faili la kila mzee wako uangalie kama limeandikwa, lisipokuwepo mwambie nesi siku hiyo hiyo.