Lenzi ndefu hununuliwa kwa futi kamba

Kijana mmoja dereva wa watalii aliingia dukani kwangu hapa Moshi, mkononi simu, kwenye simu picha ya lenzi nyeupe ndefu kama chupa ya chai. "Dada, nauziwa hii milioni mbili na nusu. Nichukue?" Nikamuuliza anataka kupiga nini. Akacheka. "Wanyama, dada, nini tena?" Nikamuuliza: mnyama gani, atakuwa umbali gani, saa ngapi? Hapo akanyamaza, akavuta kiti.

Riziki yangu mimi ni picha za pasipoti, kipaimara na sendofu. Ndege na mbega napiga kwa mapenzi yangu tu, siku ambazo hakuna harusi. Lakini duka langu liko njiani, na madereva wengi wanaopeleka wageni mbugani hupita kuuliza swali hilohilo, kwa hiyo naliandika jibu mara moja.

Nianze na aibu yangu. Mwaka 2014 nilinunua lenzi ya 70-300 iliyokwishatumika kwa laki nne na nusu. Namba hizo ni urefu wa lenzi kwa milimita: ikikua, lenzi inavuta zaidi. Niliichagua kwa sababu moja tu: 300 ni kubwa kuliko 200. Haikuwa na kizuia mtikisiko, na ndani ilikuwa na kuvu ambayo sikujua hata kuitafuta. Nikaenda nayo maziwa ya Momella, nikapiga picha zaidi ya mia tatu za flamingo. Nilizobakisha ni nne. Muuzaji hakupokea simu tena, na simlaumu sana, mimi ndiye niliyelipa bila kuuliza.

Sasa hesabu, na ni hesabu ya darasa la tano. Chukua ukubwa wa kitu kwa mita, gawanya kwa umbali wake kwa mita, halafu zidisha kwa milimita za lenzi. Jibu ni milimita ambazo kitu hicho kitachukua juu ya sensa ya kamera, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea picha. Kamera nyingi tunazonunua huku zina sensa ndogo, upana milimita 23 hivi na kimo 15. Zile za fulu fremu ni 36 kwa 24. Basi umemaliza.

Tembo wa Tarangire mwenye kimo cha mita 3 amesimama mita 30 kutoka kwenye gari. Kwa lenzi ya 200: tatu gawanya kwa thelathini, zidisha mia mbili, unapata milimita 20. Sensa yako ina kimo cha 15. Umemkata miguu! Kwa milimita 100 anapata 10, anakaa vizuri na nafasi ya mbuyu nyuma yake. Na Tarangire tembo huja karibu kuliko mita 30, mara nyingine unasikia tumbo lake likinguruma. Aliyebeba 150-600 peke yake siku hiyo atarudi na picha za ngozi.

Chui juu ya mti, mwili mita 1.2 bila mkia, umbali mita 40, lenzi ya 300: milimita 9 kati ya 23. Hiyo ni picha nzuri kabisa. Ndege chozi wa sentimita 12 kwenye ua la mgomba, mita 8 kutoka kibarazani: kwa 300 anachukua milimita 4.5, moja ya tano ya upana wa picha, na kwa 600 anachukua 9. Kwa hiyo ni ndege wadogo wanaodai lenzi ndefu kweli, kuliko simba. Watu huniona kama natania nikisema hivyo.

Halafu kuna faru wa Ngorongoro. Kule chini kreta huruhusiwi kutoka barabarani, na faru mara nyingi yuko mbali, nusu kilomita au zaidi. Mwili wa mita 3.5 kwa umbali wa mita 500 kwa lenzi ya 600 ni milimita 4 na ushei. Kwa 300 ni milimita mbili, yaani kidoa. Na hata ukiwa na hiyo 600, ikifika saa tano hewa juu ya majani imeanza kuchezacheza kama juu ya lami, picha inatoka kama umepiga kupitia maji. Hakuna lenzi inayotibu hilo. Kinachotibu ni kuwa kreta asubuhi mapema, au faru mwenyewe akuhurumie asogee.

Kibo ndiyo huwashangaza wengi. Kutoka Moshi mjini hadi kileleni kwa mstari mnyoofu ni kama kilomita 30, na kreta yenyewe ya Kibo ina upana wa kilomita 2.4 hivi. Fanya hesabu na lenzi ya 200: milimita 16 kati ya 23. Theluji imejaa picha. Kwa hiyo anayetaka mlima hahitaji zaidi ya 200, anahitaji kuamka kabla mawingu hayajafunga.

Umbali utaujuaje? Hapa nyumbani tumia futi kamba, kutoka kiti chako hadi kwenye ua ambalo chozi hupenda. Kwa mbali zaidi tumia uwanja wa mpira: nukta ya penalti iko mita 11 kutoka golini, nusu uwanja ni kama mita 50. Simama golini, mtazame mtu aliyesimama katikati, uzoeshe macho. Mbugani huwezi kushuka kupima, lakini ukishazoea utasema "huyu yuko nusu uwanja" bila kukosea sana. Kijana wangu nilimtuma aende uwanjani kwanza, arudi kesho yake. Alirudi.

Kama una kamera tayari na ile lenzi ndogo ya 18-55 iliyokuja nayo, fungua picha zako hamsini za mwisho za mbugani, uangalie taarifa za kila picha. Zimepigwa kwa milimita ngapi? Na umezikata kiasi gani kabla ya kuzituma? Aliyekata hadi kubakiza nusu ya upana alihitaji lenzi ya urefu mara mbili tu, yaani 110. Watu wengi wakifanya zoezi hili wanagundua 55-250 ingewatosha. Ya Canon ya aina ya STM ina uzito wa gramu 375, inakaa kwenye mfuko wa koti.

Neno kuhusu "300 inakuwa 450" mnalosikia. Lenzi haibadiliki. Sensa ndogo inakata pembeni, kwa hiyo unaona eneo ambalo mwenye fulu fremu angeliona kwa 450, au 480 kwa Canon. Ukitumia hesabu yangu na upana wa sensa yako halisi, huna haja ya kukumbuka hayo.

Sasa mwanga, na hapa ndipo pesa zinapokwenda. Kwenye lenzi pameandikwa kwa mfano 150-600 f/5-6.3. Maana yake kwa 150 tundu la kupitishia mwanga linafunguka hadi f/5, ukivuta mpaka 600 linabaki f/6.3. Namba ikikua, mwanga unapungua. Lenzi ya f/2.8 inapitisha mwanga mara tano hivi ya ile ya f/6.3. Saa nne asubuhi Serengeti huwezi kuona tofauti kubwa. Nenda sasa msituni chini ya Meru, ndani ya Hifadhi ya Arusha, saa moja asubuhi, umpige mbega. Mnyama mwenyewe mweusi, majani meusi, ukungu. Kwa f/6.3 nilipandisha ISO (wepesi wa sensa kuona gizani) hadi 6400 na shata, yaani muda wa kupokea mwanga, bado ilikuwa 1/200 ya sekunde. Mbega akageuza kichwa tu, sura ikapotea.

Ukishika kamera kwa mikono, kanuni ya wazee wa kazi ni kwamba shata isiwe ya polepole kuliko moja chini ya urefu wa lenzi, na kwa sensa ndogo ongeza nusu: lenzi ya 300 piga 1/500. Kizuia mtikisiko (Canon huandika IS, Nikon VR, Sony OSS, Tamron VC, Sigma OS) kinakuruhusu kushuka chini ya hapo, lakini kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mnyama. Twiga anayetembea bado anataka 1/500, na ndege anayeruka 1/2000. Ukinunua 300 na kuendelea, usikubali isiyo na kizuia mtikisiko hata kwa bei ya mchicha, isipokuwa kamera yako inatuliza sensa yenyewe. Mimi nimeshakulipieni hilo somo.

Kanisani mambo ni mengine kabisa. Kutoka benchi la mbele hadi altareni ni mita 15 hivi. Mtu wa mita 1.7 kwa lenzi ya 135 anajaa kimo chote cha sensa. Urefu haukosekani, unaokosekana ni mwanga, na mapadre wengi hawapendi flashi. Ndiyo maana sisi wa harusi tunajinyima tununue 70-200 f/2.8, chuma cha karibu kilo moja na nusu, wakati dereva aliyeko juani angetoshwa na 70-300 ya nusu ya uzito huo.

Uzito usiudharau. Sigma 150-600 ile nyepesi ina kilo 1.9, Nikon 200-500 ina kilo 2.3. Ndani ya Land Cruiser si neno. Kwa anayepanda mlima siku sita, hapana.

Kabla ya pesa kutoka mfukoni hakikisha lenzi inaivaa kamera yako. Kamera za Nikon za D3000 na D5000 na ndugu zake hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi za AF za zamani zitaingia lakini utazungusha fokasi kwa mkono, tafuta AF-S. Zile AF-P nazo hazifokasi kwenye kamera za zamani kama D90 na D3100. Lenzi za Canon za EF-S, za sensa ndogo, haziingii kwenye 6D wala 5D, ambazo ni fulu fremu. Lenzi za Canon za RF ni za kamera mpya zisizo na kioo, haziwezi kurudi nyuma kwenye kamera za zamani. EF, ile ya zamani, inakwenda mbele kwenye kamera mpya kwa adapta, na inafanya kazi vizuri. Telekonveta ya 1.4, kipande kinachovaliwa kati ya lenzi na kamera kuongeza urefu, inakula nusu ya mwanga, f/5.6 inakuwa f/8, na kamera nyingi za zamani hapo zinashindwa kufokasi. Iacheni.

Ya mitumba ikaguliwe hivi, na ikaguliwe na wewe, si na muuzaji. Ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu, mulika kutoka nyuma ya lenzi, utazame mbele. Nyuzi kama za buibui ni kuvu: rudisha, hata kama bei ni nusu. Punje chache za vumbi hazina neno, huku kwetu lenzi isiyo na vumbi haijafanya kazi. Angalia majani ya tundu yasiwe na mafuta. Inamishe mdomo chini: ikijivuta yenyewe imelegea. Kisha bandika kurasa za gazeti ukutani, weka kamera mezani, vuta mpaka mwisho, fungua tundu lote, piga, ukuze picha kwenye skrini, usome herufi za pembe zote nne. Pembe moja ikiwa na ukungu na nyingine safi, lenzi hiyo iliwahi kuanguka. Malizia kwa kufokasi kitu cha karibu, cha mbali, cha karibu, mara kumi. Ikisitasita dukani, mbele ya chui itasimama kabisa.

Bora zaidi, kodi kwanza. Wapiga picha wa Arusha na Moshi hukodishana lenzi kwa siku. Tafuta unayefahamiana naye, acha kitambulisho, nenda nayo safari moja.

Na shona mfuko. Mguu wa suruali ya kaki, kilo mbili za maharage, funga pande zote mbili, uweke ukingoni mwa paa au dirishani, ulaze lenzi juu yake. Zima injini, waombe waliomo wasitikise gari. Mfuko huo umeniokolea picha nyingi kuliko stendi yoyote ya miguu mitatu, ambayo ndani ya gari haina hata pa kusimama. Usiku mmoja Karatu tulikosa mboga, tukafungua upande mmoja tukapika. Asubuhi nilijaza mchele.

Yule kijana hesabu zake zilimwangukia 70-300 yenye kizuia mtikisiko, iliyotumika, tuliyoimulika tochi pamoja nyuma ya pazia la picha za pasipoti. Fedha iliyobaki alinunulia matairi mawili ya nyuma.